Ughaibuni, Lakini Mkoani

Mwanzoni mwa Oktoba 2002, meya wa Lewiston, mji wa jimbo la Maine kaskazini-mashariki mwa Marekani, aliwaandikia barua ya wazi wazee wa Kisomali waliokuwa wamehamia mjini kwake. Hakuwafukuza. Aliwaomba wawaambie jamaa zao waliobaki kwingine wasije kwanza, kwa kuwa mji umelemewa kwa fedha, kwa nyumba, hata kwa moyo. Katika muda wa mwaka mmoja na nusu hivi Wasomali zaidi ya elfu moja walikuwa wamefika kwenye mji wa watu wapatao 36,000. Karibu wenyeji wote walikuwa weupe, wengi wao wajukuu wa Wakatoliki wa Québec walioletwa na kazi za viwanda vya nguo kando ya Mto Androscoggin. Viwanda vilishakufa na vijana wa mji walikuwa wakiondoka.

Jambo lililowatatiza wenyeji ni kwamba hakuna ofisi iliyowapangia Wasomali hao Lewiston. Walipoingia Marekani kama wakimbizi walipelekwa miji mikubwa, wengine Clarkston, pembeni mwa Atlanta. Huko wakakutana na kodi, magenge, na watoto wanaotoka shule isijulikane wamepitia wapi. Wakafanya kama wafanyavyo wafugaji wa kwao: wakatuma watu watangulie kuangalia. Watangulizi wakaleta habari za jimbo la baridi kali lenye nyumba tupu za bei nafuu, shule nzuri na uhalifu mdogo, na Februari 2001 familia za kwanza zikahama. Duniani mji wenyewe ulikuwa umesikika kwa usiku mmoja tu wa Mei 1965, pale Muhammad Ali, mwaka na ushei baada ya kuchukua jina hilo, alipomwangusha Sonny Liston katika raundi ya kwanza. Pambano hilo nalo lilipelekwa Lewiston baada ya kushindikana Boston.

Baadaye wakafuata Wabantu wa Somalia, na hapo habari inaigusa Tanzania moja kwa moja. Wengi wao ni uzao wa watu waliochukuliwa utumwani Afrika Mashariki katika karne ya 19 wakapelekwa kwenye mashamba ya bonde la Juba, na baadhi yao wanasema Kizigua hadi leo. Vita vya 1991 vikawatawanya. Wako waliorudi Tanzania wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na baadaye uraia. Wako waliopitia kambi za Kenya wakaishia Maine, ambako theluji ikiyeyuka wanaingia kwenye mashamba yao ya pamoja kulima mahindi na mboga.

Kwa jamaa walioko nyumbani mambo haya hayaeleweki kirahisi. Mtu akipiga simu Tanga au Mombasa akautaja mji wa majuu ambao hakuna aliyeusikia, swali linalofuata ni kama New York ni mbali sana na hapo. Kwenda ng'ambo kisha ukaishi mkoani huonekana kama kufika sokoni ukaishia mlangoni. Lakini chini ya uamuzi huo liko swali ambalo mshahara haulijibu, nalo ni la dini na falsafa kwa pamoja. Anayehama ana deni gani kwa mahali anapofikia? Na mahali hapo pana haki ya kuibadili nia aliyokuja nayo?

Kila aliyepita chuo cha Kurani anaijua Hadithi ya nia, ya kwanza katika Sahihi ya Bukhari na ya kwanza pia katika Arubaini za Nawawi. Kinachosahaulika ni kwamba mfano uliomo ndani yake ni wa uhamaji. Anatajwa aliyehama kwa ajili ya Mungu na Mtume wake, na aliyehama kutafuta mali au mke, na kila mmoja anaachiwa kile alichokifuata. Mhamaji anapimwa kwa kilichomtoa kwake. Mji utamfanya nini akishafika ni habari nyingine, na hapo ndipo jiji kuu na mji wa mkoani vinapoachana njia.

Jiji kuu humwachia mtu nia yake kama alivyoibeba. Umekuja kuchuma, basi chuma; umekuja kusoma, soma uondoke. Mfaransa René Descartes aliifurahia hali hiyo kuliko mtu yeyote. Aliiacha nchi yake akaishi Uholanzi kwa miaka ipatayo 20, na mwaka 1631, akiwa Amsterdam, alimwandikia rafiki yake Guez de Balzac akiusifia mji ule kwa jambo ambalo wengine wangelilalamikia. Kila mtu mle alizama katika biashara yake, hivyo yeye angeweza kumaliza umri wake wote bila kuonwa na yeyote, na umati wa barabarani haukumshughulisha zaidi ya miti ya msituni. Hata hivyo hakutulia Amsterdam. Alihamahama, mara Deventer, mara Utrecht, mara Leiden, mwisho vijiji vya Egmond karibu na bahari. Mwaka 1649 akaitikia mwito wa Malkia Kristina wa Sweden akaenda Stockholm. Malkia alitaka somo lake la falsafa saa kumi na moja alfajiri, katikati ya baridi, na Februari 1650 mwalimu akafa kwa ugonjwa wa mapafu. (Kisa hiki kinaweza kutumiwa kama hoja dhidi ya miji mikuu, ingawa kina nguvu zaidi kama hoja dhidi ya vipindi vya alfajiri.)

Aliyeeleza uhuru wa namna hiyo unatoka wapi ni Georg Simmel, mzaliwa wa Berlin. Katika mhadhara wake wa mwaka 1903 kuhusu jiji kubwa na maisha ya akili, alisema mkazi wa jiji hukutana na nyuso nyingi mno kwa siku moja, kiasi kwamba moyo wake hulazimika kuota ganda la ubaridi. Huo si ukatili, ni kinga. Bila kinga hiyo asingeweza kuishi. Miaka mitano baadaye akaandika kurasa chache kuhusu mgeni, akimtenga na mpita njia: mgeni ni yule aliyefika akabaki, ilhali uwezo wa kuondoka bado anao. Yeye mwenyewe alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi, na kwa miaka mingi alinyimwa uprofesa kamili mjini kwake, chuki dhidi ya Wayahudi ikiwa sababu mojawapo. Alipoupata, mwaka 1914, ulikuwa Strasbourg, mji wa mpakani uliokuwa chini ya Ujerumani. Alikuwa na miaka 56. Hakuupenda mji huo, vita vikaingia mwaka uleule, naye akafia huko mwaka 1918. Kwa hiyo mtaalamu mkubwa kuliko wote wa maisha ya jiji alimalizia mkoani asione faida yake, na ushahidi huo haufai kufichwa.

Ganda la Simmel ni gumu kulivaa kwenye mji mdogo. Aliyekuona leo kwenye foleni ya duka la dawa atakuona kesho shuleni, na keshokutwa ndiye anayekagua gari lako. Mama aliyevaa hijabu akipanda basi mara mbili, dereva amekwisha kumjua. Nia ya kuja kuchuma na kuondoka inaanza kuingiliwa na mambo ambayo hayakuwamo kwenye hesabu: kikao cha wazazi, jirani mzee aliyeteleza kwenye barafu, timu ya watoto iliyokosa mtu wa kuwapeleka uwanjani. Mwaka 2015 timu ya soka ya sekondari ya Lewiston, iliyojaa watoto wa wakimbizi, ilichukua ubingwa wa jimbo. Mwaka 2019 Safiya Khalid, aliyeingia Marekani akiwa mtoto mkimbizi, alichaguliwa kuwa diwani wa mji huo akiwa na miaka 23. Katika Uislamu yapo mafundisho kwamba Jibrili alimhimiza Mtume haki za jirani mpaka akadhani jirani atapewa fungu katika mirathi. Maagizo hayo yanamhusu jirani mwenye uso na jina, ambaye harufu ya chungu chako inamfikia. Kumtimizia haki yake mtu wa ghorofa ya kumi na tisa usiyewahi kumtia machoni ni kazi ngumu, hata kwa mcha Mungu.

Lakini kuonekana si neema tupu. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wenye pasi za Uingereza siku 90 za kuondoka Uganda. Mwezi uliofuata halmashauri ya Leicester, jiji la katikati ya Uingereza, ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasiende huko, kwa faida yao wenyewe na ya familia zao, kwa kuwa nyumba, shule na huduma zimefurika. Bodi ya serikali iliyoundwa kuwapokea ikaigawa nchi kwa rangi, nyekundu kwa maeneo ya kuepuka na kijani kwa maeneo ya kwenda. Leicester ilikuwa nyekundu. Katika watu wapatao 28,000 walioingia Uingereza, maelfu wakaenda Leicester hivyohivyo, maana ndugu zao waliotoka Kenya na kwingineko Afrika Mashariki walishatangulia. Wapo wazee wanaosema kwa kicheko kwamba tangazo lenyewe ndilo lililowajulisha kuwa kuna mji unaoitwa Leicester.

Leo Barabara ya Belgrave ina maduka ya sari na dhahabu upande huu na huu, mihogo ya kukaanga iko kwenye menyu kwa jina la mogo, na wazee wanachanganya Kigujarati na Kiswahili wakipiga soga. Katika sensa ya mwaka 2021 waliojitambulisha kuwa weupe walikuwa kama asilimia 41 tu ya wakazi. Mwaka 2022 vijana wa Kihindu na wa Kiislamu walikabiliana katika mitaa hiyohiyo, kwa sababu majirani wanaojuana wanajua pia pa kuumizana.

Jiji la London halikulipia tangazo lolote. Jiji kuu halimkatazi mtu kuja kwa sababu halimwoni akija. Barua ya Lewiston na tangazo la Leicester ni matusi, wala hakuna haja ya kuyapamba, lakini ni matusi yenye anwani, na chenye anwani hujibiwa. Wazee wa Kisomali walimjibu meya kwa barua yao, wakasema wamevunjiwa heshima. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kutoka nje ya mji kikaitisha mkutano Lewiston. Wakahudhuria watu wachache, na upande wa pili wa mji maelfu wakakusanyika kuwapinga, wengi wao wenyeji ambao huenda wasingetoka nyumbani kama meya asingeandika. Immanuel Kant, aliyeishi Königsberg karibu maisha yake yote na kuiacha Berlin ijiendeshe, aliandika mwaka 1795 kwamba mgeni ana haki ya kuzuru nchi ya watu bila kutendewa kama adui, ila haki ya kukaa inahitaji mapatano ya pekee. Kant alifikiria mataifa. Mapatano hayo hasa hufanyika kwenye kikao cha shule, baraza la mji, na duka la kwanza lenye bango la lugha ya kigeni.

Wazanzibari wawili wanaonyesha jinsi mkoani pasivyokuwa na maana moja. Sultani Jamshid bin Abdullah, aliyepinduliwa Januari 1964, alinyimwa ruhusa ya kushuka Mombasa, akapitia Dar es Salaam, akafikia Uingereza na kufanya makazi Southsea, mjini Portsmouth. Kwa zaidi ya nusu karne aliishi huko kimya, katika mji wa wanamaji wa jeshi lilelile lililolipiga mizinga kasri la Zanzibar Agosti 1896. Mwaka 2020 Oman ikamruhusu kwenda kuishi huko, akafia Muscat Desemba 2024. Kwake mji wa pembeni ulikuwa stara, na mtu asimwonee gere: wako wanaohama kwa sababu kujulikana ndiko kulikotaka kuwaua. Abdulrazak Gurnah aliondoka kisiwa hichohicho akiwa kijana, mwishoni mwa miaka ya 1960, akasoma Canterbury, akafundisha Chuo Kikuu cha Kent hadi alipostaafu, na simu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 ikamkuta jikoni kwake Canterbury. Mhusika wa riwaya yake ya mwaka 2001, By the Sea, ni mzee anayeomba hifadhi na kuwekwa katika mji mdogo wa pwani ya Uingereza. Huko anakutana na Mzanzibari mwenzake na hesabu za zamani zinafunguliwa upya. Kwenye jiji la mamilioni wangeweza kupishana miaka yote.

Wengi wa wanaoishi mikoani ughaibuni, hata hivyo, hawakuchagua. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1999 kuhusu uhamiaji na hifadhi ilianzisha utaratibu wa kuwatawanya waomba hifadhi nje ya London, na kwa miaka mingi wamejikuta Glasgow, Middlesbrough na kwingine kwenye nyumba za bei rahisi. Ujerumani nayo huwagawa kwa majimbo kwa fomula ya kodi na idadi ya watu. Je, aliyepangiwa mji ana deni kwake? Nabii Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliohamishwa kwa nguvu kwenda Babeli barua ambayo bila shaka iliwachukiza: wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee amani mji uliowateka. Wengi wao hawakukaa jijini Babeli. Ezekieli alikuwa Tel-abibu, kando ya mto Kebari, na vibao vya udongo vya karne ya 6 na ya 5 kabla ya Kristo vinaonyesha Wayahudi wa mashambani wakikodi ardhi, wakilipa kodi na kudaiana shayiri. Mfalme Koreshi wa Uajemi alipowafungulia njia ya kurudi, wengi hawakurudi. Hata hivyo barua ya Yeremia ina nguvu kwa sababu mwandishi alikuwa wa kwao. Meneja wa nyumba za wakimbizi akisema maneno yaleyale, huwa ni amri tu.

Mfano mzito kuliko yote uko Madina. Mwaka 622 Yathrib, kama Madina ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa mji wa mitende na ugomvi, zaidi ya kilomita 300 kaskazini mwa Makka. Makabila yake ya Aus na Khazraj yalikuwa yametoka kupigana vibaya. Makka ilikuwa na Kaaba, misafara ya biashara na heshima ya Waarabu. Waliohama na Mtume Muhammad (S.A.W.) walipata homa, na miongoni mwao Abubakar na Bilal waliugua huku wakiitamani Makka waziwazi. Hakuna aliyejifanya kwamba mji wa pili una hadhi sawa na wa kwanza.

Kilichofuata kilikuwa mpango wa ujirani kwa majina. Kila Muhajiri, yaani aliyehama kutoka Makka, aliunganishwa na Ansari mmoja, yaani mwenyeji wa Madina, wawe ndugu. Abdulrahman bin Auf alipewa Saad bin Rabii, tajiri, aliyemwambia achukue nusu ya mali yake. Abdulrahman akamwombea baraka, kisha akauliza soko liko wapi. Akaonyeshwa soko la Bani Qaynuqa, akaenda kuuza samli na jibini. Muda si mrefu akaoa mwanamke wa Kiansari, kwa mahari ya dhahabu yenye uzito wa kokwa ya tende. Alikataa sadaka, lakini undugu hakuukataa. Kuja kwake na kuoa kwake kulifungamana hadi mtu asingeweza kusema kwa uhakika kipi ni dini na kipi ni maisha, na pengine swali lenyewe lilipoteza maana.

Mwaka 630 Makka ikafunguka. Sasa sababu ya kuhama haipo tena. Mji mkuu uko mikononi mwao. Baada ya vita vya Hunain ngawira ikagawiwa wakuu wa Makka, na Maansari wakanung'unika: Mtume amewapata watu wake, atawaacha. Akawakusanya peke yao, akawauliza kama hawaridhiki wengine waende na kondoo na ngamia, na wao warudi kwao na Mtume wa Mungu. Wakalia mpaka ndevu zikalowa. Akarudi Madina, na huko akafa mwaka 632.

Si yeye peke yake. Muhajirina hawakupewa nafasi ya kurudi Makka wakakaa. Baada ya kumaliza ibada za Hija walibakishiwa siku tatu tu. Saad bin Abi Waqqas aliugua sana Makka wakati wa Hija ya kuaga, na mojawapo ya hofu zake ilikuwa kufia mahali alipopahama, yaani mjini alikozaliwa. Vyama vya Waswahili ughaibuni hukusanya michango ya kusafirisha maiti kwenda kuzikwa nyumbani, na hofu ya wanachama wengi ni kinyume kabisa cha ile ya Saad. Yeye alipona. Wakati anaugua alikuwa na binti mmoja tu. Baadaye akapata watoto wengi, akauasisi mji wa Kufa huko Iraki, kisha akarudi kuishi Aqiq, nje ya Madina. Alipofia huko alibebwa mpaka mjini, akazikwa katika makaburi ya Baqii.